Mdogo Ndiye Huanza

Wiki yangu ya mwisho kazini, Shiru alinifanyia heshima inayonikera mpaka leo. Tulikuwa mezani, glasi sita za mvinyo mweupe mbele ya kila mtu, na zamu ya kuanza kusema ilikuwa yake kwa kuwa ndiye mdogo kuliko sote. Akanitazama, akatabasamu, akasema, "No, Auntie, you first. Please." Wenzetu wakacheka kwa upole, wakaona msichana ana adabu. Mimi nikasema maneno mawili matatu yasiyo na maana, tukaendelea na kazi.

Ndiyo sababu naandika. Meneja aliniomba niwaachie "maelezo ya kazi," lakini hayo yako kwenye faili la kijani, rafu ya pili. Haya ni yale ambayo hayamo. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwani havina harufu. Shiru amezaliwa hapa Birmingham. Kiswahili anakielewa na kukijibu kwa Kiingereza. Akikwama popote, mama yake atamsomea.

Nilianza kwa kuosha glasi. Nilitoka Wundanyi, kule Taita, nikamfuata dada yangu aliyekuwa nesi hapa, na kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kwenye ghala la mvinyo pale Newtown, nyuma ya maghorofa ya halmashauri. Kampuni ilileta mvinyo kutoka nchi nyingi ndani ya matangi makubwa, ikauchanganya na kuutia chupani hapo hapo. Mimi mvinyo niliujua wa Meza ya Bwana tu, tone moja, nimepiga magoti.

Siku hiyo ya kwanza nilipewa glasi arobaini. Niliona sabuni yao haina harufu yoyote, nikasema hawa watu wanabana matumizi, nikatoa ya kwangu kwenye mkoba, ya waridi. Nilizisugua, nikazifuta mpaka zikang'aa. Nilitaka wajue kwamba nimelelewa. Saa nne akaingia mzee mmoja mwembamba, Mhindi kwa kumtazama, koti jeupe, nywele zimechanwa kwa maji. Akachukua glasi tupu, akainusa. Akachukua ya pili. Akafika ya tano ndipo akageuka.

"Nani ameosha hizi?" Aliuliza kwa Kiswahili, maana alikuwa amenisikia nikiongea na dada yangu kwa simu.

"Ni mimi, Mzee."

"Na sabuni gani? Hii yote inanuka bibi harusi."

Huyo ndiye Uncle Caitan. Alikuwa Mgoa, wa Wahindi wale waliotawaliwa na Wareno, mzaliwa wa Pangani, Nairobi, ambaye alikuja Birmingham akiwa kijana na kuingia katika biashara hii kwa mlango wa nyuma kama mimi. Wakati huo alikuwa mchanganyaji mkuu wa kampuni. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na barabarani, bila sarufi wala aibu. Alinifanya nizioshe zote upya kwa maji ya moto matupu. Kisha akaweka glasi mbili mbele yangu akaniuliza ipi bado ina sabuni. Nikamwonyesha. Akanigeuza uso ukutani, akazibadilisha, akauliza tena. Tulifanya hivyo mara sita na mara sita nilipata.

"Kesho hapana osha," akasema. "Kesho kaa hapa karibu na mimi."

Nilikaa karibu naye zaidi ya miaka kumi na tano.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba mvinyo wa kuchanganya si makapi. Wateja wengi hudhani kuchanganya ni kuficha, na wapo wanaoficha, sisemi hawapo. Lakini yapo maeneo ambayo mvinyo wake mweupe haujawahi kuwa wa zabibu ya aina moja tangu enzi za mababu. Chukua Bordeaux, kule Ufaransa, na zabibu zake tatu. Sauvignon Blanc huleta ukali wa ndimu na harufu ya majani yaliyokatwa asubuhi. Sémillon huleta unene, na ukiupa miaka huanza kunuka nta na asali. Halafu Muscadelle, kidogo sana, kwa ajili ya maua. "Muscadelle ni iliki," alikuwa akisema. "Moja, mbili, chai. Kumi, dawa ya kikohozi."

Kusini mwa bonde la Rhône ni mambo mengine: Grenache Blanc, Marsanne, Roussanne, mvinyo wa nchi ya joto, mzito, usio na uchachu mwingi. Hapo hatari ni kulala. Ukichanganya vibaya unapata kitu kinachojaa mdomoni na kisichosema lolote. Wa Rasi ya Afrika Kusini ulinipa tabu kwa sababu nyingine. Chenin Blanc ya kule ni mti wa kati wa nyumba, hubeba chochote, ila ukiongeza Viognier kupita kiasi, harufu ya pichi huwafunika wengine wote. Niliwahi kuharibu majaribio ya siku tatu kwa asilimia mbili tu. Uncle hakunifokea. Alinipa glasi yangu ile ile mbovu, akaniambia nikae nayo mpaka saa ya chai niitafakari.

Mara moja tulikwenda kaskazini mwa Ureno kuchagua Vinho Verde, mvinyo mwepesi wa huko, ule wa zabibu za Loureiro na Arinto. Nilikuta mizabibu imepandishwa juu kwenye nguzo pembezoni mwa mashamba madogo, na chini yake mahindi na mboga za majani kama sukuma wiki. Nikasimama pale machozi yakinilenga, maana vishamba vile vya mteremkoni vilikuwa vya kwetu kabisa. Uncle naye, pamoja na jina lake la Kireno, alikuwa na Kireno cha sala tu. Aliweza kumwombea marehemu lakini hakuweza kuagiza supu.

Vifaa vyetu ni vichache, mnavijua: glasi ndogo, mrija wa kupimia, mkate mkavu, ndoo ya kutemea. Andikeni kwa penseli. Wino una harufu. Msipake manukato. Mimi sikupaka hata kwenye harusi ya binti yangu, kwa kuwa siku iliyofuata tulikuwa na matangi mawili ya kuamua. Na temeni. Miaka yote hiyo sikulewa hata mara moja, jambo ambalo akina mama wa kanisani kwetu hapa Longbridge wasingeliamini, kwa hiyo sikuwaambia. Niliwaambia nafanya kazi kwenye kiwanda cha vinywaji. Mwaka mmoja wakaniomba nilete vinywaji vya kiwandani kwetu kwa watoto wa Sunday school. Nilipitia dukani nikanunua juisi, nikabandua bei. Nacheka nikikumbuka, lakini ilikuwa tabia yangu hiyo: nilipendelea kunyamaza vizuri kuliko kusema ukweli vibaya.

Sasa niwaeleze sheria ya meza, kwa kuwa hapo ndipo ninapoelekea.

Uncle ndiye aliyeiweka. Watu wakishaonja, mdogo ndiye huanza kusema, kisha anayemfuata, na mkubwa humaliza. Sababu yake ni ya kawaida tu: mkubwa akitangulia, wadogo wote watasikia alichosikia yeye, hata kama hakipo. Waingereza waliikubali bila shida. Aliyepata shida ni mimi. Nililelewa nyumba ambayo mtoto hagusi sahani kabla ya babu, wala hatii neno kabla ya wakubwa kumaliza. Kusema kwanza mbele ya mtu wa umri wa mjomba wangu kuliniwasha mwili. Nikapata njia ya katikati. Nilisema niliyoyaona, halafu nikamalizia kila mara, "lakini Uncle ndiye ajuaye."

"Toa hiyo mkia," alinikaripia. "Ng'ombe yako nzuri, mkia mbaya."

Sikuutoa.

Kisha ukaja mwaka ambao Uncle aliugua mafua mabaya, wiki tatu kitandani. Aliporudi alikuwa amekonda lakini mcheshi kama kawaida. Miezi ikapita kabla sijaona chochote. Siku moja maziwa yaliungulia kwenye jiko la ofisini, moshi tele, naye ameketi hatua mbili kutoka pale anasoma gazeti. Siku nyingine nilimwona ananusa glasi, anafumba macho, anafumbua, ananusa tena, na usoni hamna kitu. Na mezani alianza kuchelewa kuandika. Alingoja niandike, macho yake yanateleza hadi kwenye daftari langu, kisha penseli yake inaanza kutembea.

Pua ya Uncle ilikuwa imekufa. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu.

Mngefanya nini? Mtu ambaye hana kazi nyingine duniani ila kunusa. Mjane, mtoto wake mmoja yuko Canada. Nilichofanya ni kulisogeza daftari langu karibu naye na kuliacha wazi. Nikaanza kuandika kwa herufi kubwa. Hatukusemezana hata neno moja juu yake. Mezani nilianza kusema kama sheria ilivyotaka, naye akamalizia kwa maneno yake mazuri juu ya kile nilichokuwa nimenusa mimi, na mvinyo uliendelea kutoka salama. Niliona fahari. Nilidhani hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Ndipo ikaja siku ya mvinyo wa mahoteli. Mkurugenzi wetu, Philip, alikuwa amepata wateja wakubwa waliotaka mvinyo mweupe wa kuchanganya kwa mtindo wa Bordeaux, chupa nyingi kuliko tulivyowahi kujaza kwa mkupuo. Akawaalika waje waone jinsi tunavyoamua. Kwa ajili ya wageni meza ilitandikwa kitambaa cheupe, na badala ya madaftari yetu tukapewa karatasi moja moja, za kufunikwa kifudifudi. Philip alikuwa na pua ya kuuzia, si ya kunusia. Pua za kweli pale mezani, kwa hesabu ya karatasi, zilikuwa mbili.

Sauvignon ilikuwa safi. Muscadelle ilikuwa safi. Nikanyanyua glasi ya Sémillon, na ndani kabisa, chini ya baridi, kulikuwa na harufu ya gunia lililoloa likasahaulika stoo. Ilikuwa hafifu. Nilinusa mara ya pili ikawapo. Ni harufu ya ukungu, huenda ni mpira wa pampu haukukaushwa huko mvinyo ulikotoka. Maabara yetu haikuipima. Nasi tunajua inavyofanya: mvinyo ukiwa baridi na mchanga hujificha, ukikaa chupani hujitokeza, na samaki mmoja akioza, wote huoza.

Philip akasema kwa madaha, akiwaeleza wageni sheria yetu, "Here, the youngest speaks first." Watu wote wakanigeukia.

Nilimtazama Uncle. Alikuwa amevaa tai. Wageni wanne mbele yake, na bosi wake. Nikaona nikisema kuna gunia, nao wamgeukie, naye aseme hapana, au mbaya zaidi aseme ndiyo huku wote wakiona kwamba hakusikia kitu. Kwetu mtu mzima haambiwi kosa lake mbele za watu, huvutwa pembeni. Nikaamua nitamvuta pembeni. Nikatabasamu, kama Shiru alivyotabasamu, nikasema, "Leo Uncle atangulie. Tuna wageni."

Alinitazama kidogo. Kisha akanyanyua ile Sémillon, akaizungusha, akasema, "Clean. Very clean. We go."

Nikasema, "Nakubaliana na Uncle."

Tulitia sahihi wawili, yake juu, yangu chini. Niliinuka nimfuate, lakini Philip alikwishamshika mkono kumpeleka kula chakula cha mchana na wageni, na karatasi zilikwishapelekwa ghalani. Mnajua sheria ya ghala: karatasi yenye sahihi mbili ikifika, pampu inawashwa. Nilishuka. Nilisimama karibu na swichi nyekundu, ile ambayo yeyote kati yetu ana haki ya kuibonyeza. Niliiangalia. Nikasema, nani mimi niibonyeze juu ya sahihi yake? Waliporudi kutoka kula, matangi yalikuwa yamekwishachanganywa, na kusema kukawa kugumu mara mia. Nikajiambia huenda nilikosea. Sikuwa nimekosea.

Baada ya miezi michache chupa zilianza kurudi. Kwanza boksi moja, kisha pallet, kisha lori. Tukaitwa ofisini kwa Philip, mimi na Uncle, tukaketi viti viwili kama watoto wa shule. Philip akauliza kilitokea nini. Uncle akasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba pua yake ilikuwa imepotea muda mrefu na hakumwambia mtu. Akasema kosa ni lake. Akasema, "She only followed me."

Na mimi nilinyamaza. Andikeni hapo kwa herufi kubwa, kwa maana hilo ndilo najutia kuliko hata siku ya wageni. Siku ya wageni naweza kusema nilimhurumia. Ofisini nilijihurumia mimi. Aliondoka wiki hiyo hiyo bila keki wala kadi. Kiti chake nilikikalia mimi.

Sikwenda kumwona. Alihamia Kings Heath, gorofani juu ya duka la mkate, basi moja tu kutoka mjini, nami miaka ikapita nikinunua mkate barabara ile ile bila kuinua macho dirishani. Nilimpigia Krismasi. Tuliongea juu ya mvua.

Baada ya Shiru kusema lile neno lake, na baada ya kukabidhi ufunguo, nilichukua chupa moja ya Bordeaux nyeupe, nzuri, ya kizibo cha kweli, cha gome la mti, nikapanda ngazi zile. Alinifungulia mwenyewe. Amezeeka, lakini nywele bado amezichana kwa maji.

"Wakio! Umekuja na mguu wako?"

"Nimekuja, Uncle. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba. Ingia."

Sikungoja hata kuvua koti. Nilimwambia yote: gunia, swichi nyekundu, kunyamaza kwangu ofisini. Nilimwambia nilisikia ile harufu tangu mara ya kwanza. Nilimwambia nilimwachia zamu kwa heshima. Alinisikiliza akiwa amesimama, mkono juu ya meza.

"Ulisikia?" akauliza.

"Nilisikia, Uncle."

Akaketi.

"Miaka yote mimi nafikiri hata wewe haukusikia," akasema. "Nafikiri ilikuwa imejificha sana, bad luck. Wewe ulikuwa unaniachia daftari, si ndiyo? Unafikiri mimi nilikuwa naiba? Nilijua unanipatia. Sasa siku ile hakuna daftari. Nikasema sawa tu, hakuna shida, Wakio ataanza, mimi nitasikia kwake. Wewe ukasema Uncle atangulie." Alitikisa kichwa. "Nikajiambia, basi iko safi. Kama iko kitu mbaya, Wakio hawezi niacha niingie peke yangu. Ndiyo maana nilisema clean. Hiyo clean ilikuwa yako, Wakio. Mimi nilisoma tu."

Nililia, na yeye aliniacha nilie, kisha akaenda kabatini akatoa glasi mbili. Nilizitambua, ni zetu za kazini, alikuwa ameondoka nazo.

Nikafungua chupa, nikamimina. Akainua yake juu kidogo, kuelekea kwangu, kwa furaha nisiyoistahili. Nami kwa mazoea nikapeleka pua kwenye yangu.

Gunia.

Kizibo kilikuwa kibovu, chenye ukungu ule ule unaoingia kwenye mvinyo. Hutokea, chupa moja moja, hata kwa walio bora. Mzee alikuwa ananitazama huku glasi iko karibu na mdomo. Ilikuwa zawadi yangu. Asingesikia chochote. Angekunywa, angefurahi, ningerudi Longbridge.

"Haya," akasema. "Mdogo kwanza."

"Usinywe, Uncle," nikasema. "Umeharibika. Unanuka gunia."

Sikuongeza mkia.

Alishusha glasi taratibu, akaisogeza mbali naye. "Asante," akasema, na mara hii alilisema kama neno lililochelewa. Chupa nyingine hatukuwa nayo. Tulimwaga ile kwenye sinki, tukapika chai, naye akatia tangawizi nyingi, kwa sababu ukali wake bado anausikia.